Kudu, mkaa na neno "nyara"

Ikifika Juni hapa Joburg, msimu wa kuwinda unakuwa umepamba moto na friji za wenzetu kazini zinajaa kudu na springbok. Mtu anakuletea paja zima limefungwa kwenye karatasi, kama vile kwetu jirani anavyoleta maembe. Kudu ndiye tandala kwa Kiswahili, na nyama yake tunaiita nyamapori. Ila ukiwatajia wazazi wetu nyamapori, wanashusha sauti kwanza. Baba yangu ni mtu wa Kilosa, na mpaka leo huuliza: "Ina risiti?"

Kwa nini risiti? Tanzania, nyama ya mnyama wa porini ukiwa huna kibali kisheria ni nyara ya serikali, na mtu anafungwa kwa kipande tu kilichokutwa jikoni kwake. Hebu lifikirie hilo neno. Nyara kwa asili ni mali iliyotekwa vitani. Sasa hapa aliyemteka nani ni nani?

Mambo yalianza zamani. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza kubwa ya kudhibiti uwindaji Afrika Mashariki ya Kijerumani: leseni, ada, na maeneo yaliyofungwa. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yakakutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Wanyama kweli walikuwa wanakwisha, na biashara ya pembe za ndovu ilichangia sana. Lakini leseni ilikuwa ya mwenye pesa na bunduki. Mzungu aliyewinda kwa starehe akaitwa mwindaji. Babu aliyetega mtego ili watoto wale akaitwa jangili. Kenya, Wakamba na Wawaata waliowinda kwa upinde na mishale ya sumu waliona hivyohivyo, hasa Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948. Baada ya uhuru sheria nyingi zilibaki, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji kabisa.

Afrika Kusini ilienda njia nyingine. Kwa sheria ya zamani waliyoleta Waholanzi, mnyama wa porini hakuwa na mwenyewe mpaka mtu amkamate. Mwaka 1991 ikapitishwa Game Theft Act: ukiwa na shamba lenye uzio wa kutosha na cheti, wanyama waliomo ni mali yako, hata wakitoroka. Wakulima wengi wakaacha ng'ombe, wakafuga wanyama wa porini. Ndiyo maana kudu anauzwa buchani hapa bila mtu kunong'ona.

Ila kuna kitu hatukisemi tukiwa tumeshika sahani. Ili uwe na uzio, uwe na ardhi kwanza. Natives Land Act ya 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi, na mwaka 1936 ikapangwa wafikie asilimia 13 hivi. Kwa hiyo sheria ya 1991 ilimpa mnyama yule ambaye tayari alikuwa na shamba. Kule kwetu serikali ilimchukua mnyama; huku alimchukua mwenye uzio. Mwindaji wa kijijini alikosa kote kuwili.

Na lile jiko lenyewe? Jiko la duara lenye kifuniko, ambalo hapa kila mtu analiita Weber, lilianzia Chicago mwaka 1952. George Stephen alifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers, kilichotengeneza maboya ya baharini. Alichoka upepo kumharibia nyama, akachukua boya, akalikata katikati, akaweka miguu chini na mfuniko juu. Wamarekani wakaona maajabu. Bibi zetu wa pwani wangecheka, maana wao walikuwa wakipalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria tangu zamani, ili wali ukauke na mkate wa kumimina uive juu na chini. Kiswahili pia kina neno kubanika, yaani kuiva taratibu kandokando ya moto, si juu yake.

Kudu anahitaji hilohilo. Hana mafuta, kwa hiyo ukimchoma kama mbuzi anakuwa kandambili. Chukua bega au muundi. Sukuma mkaa wote upande mmoja, weka chombo cha maji upande wa pili, na nyama juu ya hayo maji. Funika, bana matundu ya hewa mpaka joto libaki kama nyuzi 120. Majirani zangu Waafrikana huchomeka vipande vya bekoni. Sisi nyumbani tunatumia mafuta ya mkia wa kondoo, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Baada ya saa tatu funga nyama kwenye foili, uiache saa mbili tatu nyingine. Zile nyuzinyuzi ngumu zinayeyuka polepole na mfupa unatoka wenyewe. Usifunue kila dakika, jamani. Ukifunua, joto lote linakimbia.

Tanzania nayo imebadilika. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliagiza mabucha ya nyamapori yafunguliwe, na kanuni zake zikatoka mwaka 2020. Sasa hivi mtu anaweza kununua nyama halali na kupewa risiti, ile ile anayoiulizia baba.

Kwa hiyo wakati mkaa unafanya kazi yake, mna saa tano za kukaa na wazee. Waulizeni walikula nini porini, nani aliwinda, na nani alikamatwa. Washeni rekoda ya simu kabla hawajaanza kushusha sauti.