Msitu Uliookolewa na Mkaa

Ukitoka mji wa Machynlleth kuelekea Aberystwyth, magharibi mwa Wales, barabara inapita katikati ya kijiji kidogo kiitwacho Furnace. Ukingoni mwa barabara kuna jengo refu la mawe, gurudumu la maji ubavuni na maporomoko ya mto Einion nyuma yake. Ni tanuru la kuyeyushia chuma, lililojengwa karibu na mwaka 1755. Watalii hushuka, hupiga picha ya gurudumu, kisha huendelea na safari ya kwenda baharini. Wachache hupanda bonde la Cwm Einion kuingia msituni, na wachache zaidi hujiuliza swali ambalo jengo lenyewe linalizusha: kwa nini watu walijenga tanuru la chuma mahali pasipo na chuma?

Maana madini hayakuchimbwa hapa. Yalipakiwa melini huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, yakashuka na pwani hadi mlango wa mto Dyfi, kisha yakaletwa kijijini. Chuma kilichoyeyushwa nacho hakikubaki. Kilisafirishwa tena kwenda kufuliwa kwingine. Wenye mitaji wangeweza kuyeyusha madini hukohuko yalikochimbwa. Lakini tanuru lilikula mkaa wa miti kwa wingi wa kutisha, na mkaa haupendi safari: hujaza chombo bila kuwa mzito, na kila unaporushwarushwa njiani husagika ukawa vumbi lisilofaa. Jiwe la chuma halina taabu hiyo. Hivyo jiwe likaufuata mkaa, na mkaa ulikuwa hapa, kwenye miteremko ya mialoni juu ya Dyfi, jirani na maji ya kuendeshea mivukuto.

Msomaji aliyezoea kuona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kuu anajua hadithi ya namna hii inavyoishia. Tanuru huwaka, msitu huisha, watu huhama. Hapa haikuwa hivyo. Tanuru la Dyfi liliwaka kwa zaidi ya miaka 50, likazimwa karibu na mwaka 1810, na msitu wa Cwm Einion ungali palepale, leo ukihesabiwa miongoni mwa misitu ya kale inayolindwa na sheria.

Neno “kale” lina masharti yake. Nchini Wales, msitu huitwa wa kale ikiwa ardhi yake imekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa sababu ya tukio lolote kubwa. Kabla yake watu hawakuwa na desturi ya kupanda misitu, kwa hiyo msitu uliokuwapo wakati huo yaelekea uliota wenyewe, huenda tangu barafu ya mwisho ilipoyeyuka. Orodha rasmi ya misitu hiyo ilianza kukusanywa Uingereza na Wales mwaka 1981, kwa kulinganisha ramani za zamani na hali ilivyo chini.

Kwa mgeni, jambo hili huleta mshangao kidogo. Anayekwenda akitarajia kukuta majitu ya miti, mapana kama mibuyu ya Dodoma, atakuta mialoni myembamba, iliyopinda, mingi ikiwa haijafikisha hata miaka 200. Mara nyingi mashina mawili au matatu yanachomoza kutoka kisiki kimoja. Kilicho kizee ni ardhi, pamoja na mizizi iliyomo na viumbe ambavyo havijawahi kuhama. Kuna ua jeupe la msituni, anemoni, linaloenea kwa mwendo wa takriban mita mbili kwa miaka 100. Ukilikuta limetandaa bonde zima, hesabu unaweza kuipiga mwenyewe. Mwezi Mei maua ya buluu hufunika chini ya miti kiasi kwamba huoni pa kukanyaga.

Halafu kuna unyevu. Upande huu wa Wales unapokea mvua za Atlantiki karibu mwaka mzima, na misitu yake imeanza kuitwa misitu ya mvua ya Kiselti. Mawe na mashina yamevikwa mimea midogo laini ya kijani, ile inayoota kwenye mawe ya mtoni. Makangaga hayaoti chini tu; yanaota juu ya matawi. Kuvumwani, ule muungano wa kuvu na mwani unaoganda kwenye magome, upo wa aina nyingi sana, mmojawapo ukiwa mpana wenye mikunjo kama pafu, na waganga wa zamani waliutumia kutibu kifua kwa sababu ya umbo hilohilo. Hewa ikichafuka kidogo hufa. Wanasayansi huja kutoka nchi mbalimbali kuuona.

Wenyeji wana ushahidi wa aina nyingine wa ukale wa misitu yao. Kaskazini zaidi, kwenye bonde la Ffestiniog, kuna msitu uitwao Coed Felinrhyd, na mahali hapo panatajwa katika Mabinogi, ngano kuu za Wales zilizohifadhiwa katika miswada ya karne ya 14. Hapo ndipo Pryderi, mtawala wa kusini, alipopigana ana kwa ana na mchawi Gwydion baada ya kuibiwa nguruwe wake kwa hila, akauawa. Ni kisa kizuri, na mabango ya msituni hayakosi kukitaja. Kwa maoni yangu kinathibitisha ukale wa jina la mahali, si wa miti. Ushahidi bora kidogo uko kwenye sheria zinazohusishwa na Hywel Dda, mfalme aliyefariki karibu mwaka 950, ambazo ziliupangia kila mti fidia yake: mwaloni pensi 120, mtufaa mtamu nusu ya hiyo. Watu wanaoandika bei ya mti mmojammoja hawaishi kwenye msitu usio na mwenyewe. Mwaka 1277, Edward I wa Uingereza alipoingia na jeshi kuvamia kaskazini mwa Wales, alileta mamia ya wakata miti kumfungulia njia pana, kwa sababu msitu ulikuwa maficho ya adui. Hata yeye hakuumaliza.

Siri ya msitu kuendelea kuwapo iko kwenye namna ya kukata. Mwaloni ukikatwa karibu na ardhi haufi. Kisiki huchipua, machipukizi hugombania mwanga, na baada ya miaka 15, 20 au 25 kuna fito na magogo ya unene wa kutosha kuchoma mkaa. Basi msitu uligawanywa vipande. Mwaka huu hiki, mwakani kile, hadi zamu inarudi pale ilipoanzia. Hatari haikuwa shoka bali mdomo wa mnyama, kwa maana ng’ombe na kondoo hupenda chipukizi laini kuliko kitu kingine. Sheria ya Mfalme Henry VIII ya mwaka 1543 iliagiza kwamba kipande kilichokatwa kizungushiwe uzio kwa miaka kadhaa, na miti 12 iachwe imesimama katika kila ekari ili ikue kuwa mbao.

Wachoma mkaa walihamia humohumo msituni msimu wote wa kazi. Walichimba ubavu wa mlima wakapata sakafu ya duara iliyo sawa, wakapanga magogo wima, wakayafunika kwa nyasi na udongo, wakawasha katikati. Moto ulikaa siku kadhaa ukifukuta bila kupewa hewa ya kutosha, na mtu mmoja ilibidi akeshe, kwa kuwa ufa mdogo uliotosha kupitisha upepo ungegeuza kazi ya wiki nzima kuwa majivu. Sakafu hizo zingalipo. Ukitembea kwenye miteremko hii ukakuta duara tambarare pasipo na sababu ya kuwa tambarare, fukua kidogo kwa kidole cha kiatu: udongo hutoka mweusi.

Na mkaa haukuwa pato pekee. Kabla ya kukata gogo, gome lilibambuliwa, kazi ya kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni, utomvu unapopanda na gome kuachia kirahisi. Familia nzima zilishiriki. Magome yalikaushwa, yakauzwa kwa wasindikaji wa ngozi, na shehena nyingine zilivuka bahari hadi Ireland. Ngozi ya viatu, ya hatamu na ya mikanda ya mashine, yote ilipita kwenye maji ya magome ya mwaloni.

Mwanahistoria Oliver Rackham, aliyefariki mwaka 2015, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kubishana na dhana kwamba viwanda vya chuma vilimaliza misitu ya Uingereza. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua biashara: mwenye tanuru aliyekata msitu akaung’oa alikuwa anazima moto wake mwenyewe. Misitu ilibaki pale ilipokuwa na mteja. Ilitoweka pale ardhi ilipoonekana kuwa na faida zaidi ikiwa shamba au malisho.

Mteja akaanza kuondoka. Abraham Darby alikuwa ameshaonyesha mwaka 1709, huko Coalbrookdale, kwamba chuma kinaweza kuyeyushwa kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza. Cha ajabu, Darby huyohuyo alianzisha tanuru jingine la mkaa wa miti huko Dolgun, karibu na Dolgellau, mwaka aliofariki, 1717. Teknolojia mpya haikuifukuza ya zamani mara moja. Lakini kufikia mwanzo wa karne ya 19 mambo yalikuwa yamekwisha. Jengo la Dyfi likageuzwa kiwanda cha kupasulia mbao, na gurudumu linalopigwa picha leo ni la wakati huo, si la tanuru. Soko la magome lilichukua muda zaidi kufa. Lilimalizwa na tanini, dawa ya kusindikia ngozi, ya bei nafuu kutoka Amerika Kusini na magome ya miwati ya Natal, na baadaye miwati hiyohiyo ikapandwa kwenye nyanda za juu za Kenya na huko Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949.

Msitu usio na mnunuzi ulikuwa mawindo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata miti bila zamu wala uzio, kwa ajili ya mahandaki na nguzo za migodi ya makaa ya mawe, na mwaka 1919 serikali ikaunda Tume ya Misitu ili nchi isikwame tena kwa kukosa mbao. Tume ilihitaji miti inayokua haraka. Mialoni mingi iliuawa ikapisha misonobari ya kutoka Amerika Kaskazini, iliyopandwa mistari kwa mistari, yenye kivuli kizito kiasi kwamba maua ya chini yalitoweka. Penye mialoni iliyosazwa, kondoo waliingia bila kizuizi. Wales ina kondoo zaidi ya mara mbili ya watu, na kwa miongo mingi hakuna mche wa mwaloni ulioweza kufika magotini. Bustani za matajiri nazo zikavujisha kichaka cha rododendroni, chenye maua ya zambarau ya kuvutia na tabia ya kuziba kila kitu chini yake.

Mwaka 2018 mradi ulioongozwa na mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Eryri ulianza kukikata kichaka hicho bonde baada ya bonde. Misonobari inapunguzwa taratibu, kwa sababu mwanga ukiingia ghafla miiba hutangulia mialoni. Na ng’ombe wachache wanarudishwa msituni kwa mpango, kwani imebainika kwamba bila mnyama hata mmoja magugu huufunika kuvumwani. Majira ya kuchipua ndiyo ya kwenda kuyaona haya, ndege wakiwa wamerudi. Makekeo waliofungwa vifaa vya satelaiti nchini Wales mwaka 2012 walifuatiliwa hadi misitu ya Kongo, wanakokwenda kuikimbia baridi.

Mkaa wenyewe umebaki kazi ya mafundi wachache, wanaokata vipande vidogo kwa zamu kama zamani na kuuza mifuko yao kwa wachoma nyama wa wikendi. Bei yao iko juu. Mkaa mwingi unaouzwa kwenye maduka makubwa ya Uingereza na Wales hutoka ng’ambo, na sehemu kubwa yake huchomwa Afrika, hasa Namibia.