Kuba ya Capitol: Mchoro Una Sahihi, Jengo Lina Mikono

Ile kuba nyeupe ya Capitol, Washington, unaijua hata kama hujawahi kupanda ndege. Kukiwa na habari ya Marekani, lazima waiweke nyuma ya mtangazaji. Ukiuliza nani aliijenga, utaambiwa Thomas U. Walter, kwa sababu jina lake ndilo liko kwa michoro. Sasa hebu tuiangalie hiyo michoro polepole, halafu tuulize ni nani hayuko.

Kwanza, mzee Walter apewe heshima yake. Miaka ya 1850 jengo la bunge lilikuwa linapanuliwa, na kuba ya zamani, ya mbao iliyofunikwa shaba, ikaanza kukaa kama kofia ya mtoto kwa kichwa cha mtu mzima. Mwaka 1854 Walter akachora kuba mpya kwa mchoro wa urefu wa futi 7 hivi, akautundika ofisini. Wabunge wakipita, wanaona, wanabamba nayo. Machi 1855 wakapitisha dola 100,000 kazi ianze.

Kali zaidi ni mchoro wa 1859. Hapo Walter ameikata kuba katikati vile unakata tikiti maji, ndio uone ndani. Na ndani kuna siri: kuba si moja, ni mbili, moja ndani ya nyingine, na mbavu za chuma zimezibeba zote. Chuma chenyewe ni zaidi ya tani 4,000, kikapakwa rangi kifanane na jiwe. Kutoka chini hadi juu ya sanamu ni futi 288.

Hiyo sanamu ndiyo imebeba story yenyewe. Inaitwa Uhuru. Kwa mchoro wa kwanza, Walter aliweka mwanamke ameshika kofia ya uhuru, ile ambayo huko Roma ya kale ilikuwa alama ya mtumwa aliyeachiliwa. Mchongaji, Thomas Crawford, akamvalisha kabisa kichwani. Lakini aliyekuwa anasimamia ujenzi ni waziri wa vita, Jefferson Davis, mwenyewe mmiliki wa watumwa. Davis akakataa hiyo kofia. Crawford akabadilisha, akaweka kofia ya vita yenye kichwa cha tai na manyoya. Miaka michache baadaye, Davis ndiye alikuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee. Kwa hivyo ukiona yale manyoya kule juu, jua si mapambo tu. Ni siasa.

Sasa skia hii. Modeli ya plasta ya sanamu ililetwa kutoka Roma ikiwa vipande, ikaunganishwa Washington. Ilipofika wakati wa kuitenganisha ndio imiminwe kwa shaba nyeusi, fundi aliyejua viungo viko wapi akakataa kuonyesha mpaka aongezwe pesa. Aliyetatua hiyo shida ni Philip Reid, mtumwa wa Clark Mills, mwenye kiwanda cha kuyeyusha madini. Reid alifunga kamba na kapi kwa pete iliyokuwa kichwani mwa sanamu, akaivuta juu pole pole, mpaka nyufa nyembamba zikajionyesha zenyewe. Ule ni uinjinia, hata kama hakuna aliyemwita injinia.

Malipo je? Siku sita za wiki, pesa ya jasho lake ilienda kwa Mills. Reid alilipwa Jumapili tu, dola 1.25 kwa siku. Jumapili 33, jumla dola 41.25. Alipozipokea, aliweka alama ya X. Walter ana sahihi, Reid ana X.

Aprili 1862 utumwa ukafutwa Washington, na Reid akawa huru. Lakini sheria hiyo ilifidia wamiliki, si watumwa. Mills aliomba dola 1,500 kwa ajili ya Reid. Tarehe 2 Desemba 1863, sanamu ya Uhuru ikakamilishwa juu ya kuba. Aliyesaidia kuitengeneza alikuwa mtu huru kwa mwaka mmoja na nusu tu.

Maoni yangu ni haya. Mchoro ni kitu safi sana, na ndiyo maana unadanganya. Unaonyesha kila mbavu na kila dirisha, lakini hauonyeshi nani alibeba. Na si Marekani peke yake. Angalia bango nje ya mjengo wowote Nairobi: kuna mwenye mradi, msanifu, injinia, kontrakta. Fundi wa mawe hayuko. Mama anayewapikia chai na ndengu hayuko.

Reid tunamjua leo kwa sababu kuna karatasi za malipo zilizohifadhiwa. Wengine wengi waliobeba hawana hata hiyo X. Kwa hivyo ukionyeshwa mchoro mzuri, sifu aliyechora. Halafu ulizia daftari la malipo.