Sindano, Pembe na Mgongo wa Mchumaji Chai

Kericho na Bomet, nchini Kenya, majani chai huchumwa kwa kuinama: majani mawili na kichipukizi, konzi ikijaa inarushwa nyuma ya bega hadi kikapuni. Kamba za kikapu zinavuta mabega kutwa nzima, na malipo ni kwa kilo. Maumivu ya kazi hiyo hayahitaji mpelelezi. Lakini yapo mengine yanayopanda juu yake: shingo iliyokakamaa, kichwa kinachogonga, usingizi unaokatika kwa kuwaza karo, au mashine za kuchuma zinazokula nafasi za watu. Mei 2023 mashine za namna hiyo zilichomwa moto Kericho. Mtu akiishi na hofu, misuli yake haipumziki, na mwili unazidi kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu.

Wachina huyatibu maumivu ya aina hiyo kwa sindano, na wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 2,000. Tabibu huanza kwa maswali: unalalaje, unakulaje? Hutazama ulimi, hushika mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono. Kisha sindano nyembamba kama unywele huingia, tena si lazima palepale panapouma. Kwa kiuno, mojawapo huchomwa nyuma ya goti. Mgonjwa husikia uzito fulani, halafu huachwa alale kama nusu saa. Zanzibar wanaijua tiba hii, kwani madaktari wa China wamekuwa wakihudumu huko tangu 1964.

Pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, ilikuwa na kuumika tangu kale. Pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani hubandikwa mgongoni, mwumikaji hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. Ngozi hupanda, na kwa chale ndogo damu hutoka. Anayeumika anatafuta cha kutoa. Anayechoma sindano anatafuta cha kusawazisha. Nadharia zao hazikutani, ila mgonjwa wa huku na wa kule wote wamelazwa chini, wameguswa, wameulizwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Bomet, kwa Abagusii, mambo yalikwenda mbali zaidi. Aliyeumwa kichwa kwa muda mrefu baada ya kupigwa alipasuliwa ngozi ya kichwa na wataalamu waitwao ababari, wakamkwangua mfupa wa fuvu. Ni tiba ya hatari, wala siitetei. Ninachokiheshimu ni kwamba maumivu ambayo hakuna mwingine aliyeyaona yalisadikiwa kiasi hicho.

Ndiyo maana utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa 2007 haunitoki akilini. Wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa juujuu, mahali pasipo na kanuni yoyote, asilimia 44.2. Waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi, 27.4 tu. Wapo wanaosoma takwimu hizo na kusema sindano ni kiinimacho. Mimi nasoma kwamba mahali pa kuchoma pana uzito mdogo kuliko tulivyoambiwa, na kwamba muda, mkono wa mtu na kusadikiwa vina uzito mkubwa. Mchumaji anayepewa vidonge dirishani na kuambiwa arudi kazini hapati hata kimoja kati ya hivyo.

Hata hivyo naiogopa lugha ya msongo wa mawazo ikitua shambani. Ni rahisi mno mgongo ulioumizwa na kikapu kuitwa mgongo wa mwenye mawazo mengi. Wafanyakazi wa mashamba ya kampuni ya chai ya James Finlay walifika hadi mahakama kuu ya Scotland wakidai kazi iliwaumiza misuli na mifupa; mwaka 2023 majaji walilisimamisha shauri ili madai yapitie kwanza mfumo wa fidia wa Kenya, chini ya sheria ya 2007. Katika madai kama hayo, kilichoandikwa kwenye kadi ya hospitali kina nguvu.

Kwa hiyo sindano na zije Kericho na Bomet, mikononi mwa waliofunzwa, zikiwa safi na za kutumika mara moja. Ila tabibu akishauliza usingizi na chakula, aulize pia kilo ngapi kwa siku, saa ngapi, miaka mingapi, na ayaandike majibu kwenye kadi ileile.