Ujazo wa boksi la sabufa ya gari

Ujazo wa boksi la sabufa ni kiasi cha hewa kinachobaki ndani ya boksi la spika ya besi baada ya kuondoa nafasi inayochukuliwa na mbao, spika yenyewe na vitu vingine vilivyomo. Hupimwa kwa lita au kwa futi za ujazo. Boksi la gari aghalabu hukaa kwenye buti au chini ya kiti, na mara nyingi hutengenezwa na seremala wa mtaani au na mwenye gari kwa kutumia MDF au plaiwudi. Kwa hiyo hesabu yake humwangukia yeye, si kiwanda.

Hesabu hiyo ni ile ya mche mstatili inayofundishwa katika shule ya msingi. Hata hivyo hukosewa mara kwa mara, hasa kwa sababu boksi hupimwa kwa nje.

Kazi ya hewa ndani ya boksi

Hewa iliyofungiwa nyuma ya spika hufanya kazi kama springi inayoirudisha koni mahali pake. Ikiwa hewa ni kidogo, springi huwa ngumu: besi za chini kabisa hupungua na noti chache za juu yake huvuma kupita kiasi. Ikiwa ni nyingi mno, springi hulegea na koni huweza kucheza kuliko uwezo wake. Mmarekani Edgar Villchur aliitumia springi hiyo ya hewa katika spika za nyumbani kuanzia mwaka 1954. Baadaye Neville Thiele wa Australia (1961) na Richard Small (miaka ya 1970) walionyesha jinsi ya kukokotoa ujazo unaoifaa spika fulani kutokana na vipimo vya spika hiyo. Ndiyo maana karatasi inayokuja na sabufa hutaja ujazo unaopendekezwa. Ujazo huo kwa kawaida ni wa hewa tupu, si wa boksi kwa nje.

Mfano wa hesabu

Tuchukue boksi lenye urefu wa sm 60, kimo cha sm 38 na kina cha sm 35, vyote vikiwa vimepimwa kwa nje. Ubao una unene wa mm 18, yaani sm 1.8. Kila upande una mbao mbili zinazotazamana, hivyo kila kipimo hupungua kwa sm 3.6:

56.4 × 34.4 × 31.4 = sentimita za ujazo 60,921

Sentimita za ujazo 1,000 ni lita 1, kwa hiyo boksi lina lita 60.9. Aliyezidisha vipimo vya nje angepata lita 79.8. Karibu robo ya boksi analolidhani ni mbao tupu.

Ubao wa mbele ukiwekwa mara mbili ili kuishika spika vizuri, kina hupungua kwa unene mara tatu badala ya mara mbili. Ni vema pia kuupima ubao kwa rula, kwani unaouzwa kama wa mm 18 huweza kuwa pungufu.

Baada ya hapo huondolewa vitu vya ndani. Tuseme karatasi ya spika inasema sumaku na fremu yake huchukua lita 2.5. Vipande vinne vya mbao vya sm 2 kwa 2 vilivyosimama kwenye pembe huchukua 4 × 2 × 2 × 34.4, yaani lita 0.55. Bomba la kutolea hewa ni mche duara. Kwa bomba la PVC la mm 110 lililoingia ndani sm 20, ujazo ni 3.14 × 5.5 × 5.5 × 20, karibu lita 1.9. Hapa hutumika kipenyo cha nje cha bomba, kwa sababu hewa iliyo ndani ya bomba haihesabiwi kuwa ya boksi. Zinabaki karibu lita 56.

Bomba hilo, likiwa na kipenyo cha ndani cha sm 10.4 na urefu wote wa sm 21.8 pamoja na unene wa ubao, huifanya hewa ya boksi la lita 56 ivume kwenye hezi 39 hivi. Kama boksi lingekuwa na lita 79.8 kweli, ingevuma kwenye hezi 33. Tofauti hii ndiyo inayoua spika. Chini ya masafa hayo hewa huacha kuizuia koni, na fundi anayepiga noti ya hezi 33 kwa nguvu, akidhani boksi lake linaimudu, huweza kuichana koni au kuiharibu koili. Kwa upande mwingine, kosa la lita 2 katika boksi hili halisogezi masafa hata kwa hezi 1, na hakuna haja ya kubomoa chochote.

Boksi lenye mgongo wa mshazari

Boksi nyingi za buti huinamishwa mgongo ili zilale kwenye kiti cha nyuma. Ubavu wake ni trapeza, hivyo hutumika wastani wa kina. Boksi la hapo juu likiwa na kina cha sm 25 juu na sm 35 chini, wastani ni sm 30. Ubao wa mshazari ukipimwa kwa mlalo ni mnene kidogo zaidi, karibu sm 1.86, kwa hiyo kina cha ndani ni sm 26.34 na ujazo ni lita 51.1 kabla ya kuondoa vitu vya ndani.

Vipimo vya futi na inchi

Mbao huuzwa kwa karatasi za futi 8 kwa 4, na mafundi wengi hupima kwa inchi. Inchi za ujazo 1,728 ni futi 1 ya ujazo, ambayo ni lita 28.3.

Boksi lisilo na umbo maalumu

Boksi la faibaglasi lililofinyangwa kufuata kona ya buti halina kanuni. Hujazwa maharage makavu au mahindi, kisha nafaka hiyo hupimwa kwa ndoo ambayo lita zake zinajulikana. Nafasi zilizo kati ya punje hazileti kosa, maana zimo ndani ya ndoo kama zilivyokuwa ndani ya boksi. Maji hayafai palipo na MDF, kwani ubao huo ukilowa huvimba na haurudi.