Filamu ya Eksirei na Moto wa Cleveland

Wapo wapiga picha ambao hadi leo hawajaiacha ile kamera kubwa ya miguu mitatu, ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Filamu zake, zinazotumika moja moja kama kurasa, ni ghali. Baadhi yao wamekimbilia filamu ya eksirei, ile ile ya hospitali, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Nataka leo tuizungumzie filamu hiyo, maana imepita pabaya mpaka kufika hapo.

Profesa Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, mkono wa mkewe aliupiga picha kwa bamba la kioo lililopakwa dawa. Kwa miaka ishirini na ushei hospitali zikatumia vioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Kioo kizuri kilitoka Ubelgiji. Vita vilipozuka mwaka 1914 njia hiyo ikazibwa. Mwaka 1918 kampuni ya Kodak ya Marekani ikatoa filamu iliyopakwa dawa pande zote mbili, ili picha ipatikane kwa mionzi michache zaidi.

Tabu ni kwamba filamu ile ilikuwa ya nitrati ya selulosi, jamaa wa karibu wa baruti. Ikishika moto hujipatia oksijeni yenyewe, hata maji hayaizimi.

Tarehe 15 Mei 1929, katika hospitali ya Cleveland Clinic huko Ohio, Marekani, filamu za wagonjwa zilizohifadhiwa chini ya jengo ziliwaka. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameitwa kutazama bomba la mvuke lililovuja humo. Waliochunguza walitaja joto la bomba, taa ya umeme na hata sigara. Moshi wa manjano ukapanda mpaka ghorofa za juu. Walikufa watu 123, wengi wao kwa kuvuta hewa ya sumu wala si kwa kuungua. Dakta John Phillips, mmoja wa waanzilishi wa hospitali hiyo, alitolewa akiwa hai, jioni akafariki.

Linaloniuma mimi ni kwamba filamu salama, ya asetati, ilikwisha kuwapo madukani kabla ya siku ile. Hospitali zilikuwa bado zinatumia na kuhifadhi ile ya hatari. Baada ya mazishi ndipo nitrati ilipoondolewa kwa haraka.

Filamu ya eksirei ya siku hizi ni ya poliesta. Hailipuki, na haipasuki kwa mkono. Mpiga picha huikata kwa mkasi, gizani, chini ya taa nyekundu, kwani filamu hiyo haioni rangi nyekundu. Kwa sababu hiyo midomo yenye rangi hutoka myeusi, anga la buluu hutoka jeupe, na uso wa mtu huonyesha kila kovu. Kuisafisha kunataka mkono mwepesi. Dawa iko pande zote mbili, na ikilowa huwa laini kama utando wa maziwa. Ukucha ukiigusa, au ikisuguana na sakafu ya sinia, inachubuka. Wazoefu huweka kipande cha kioo laini ndani ya sinia, kisha husafisha filamu moja moja.