Jipu na Nasaba ya Dawa Zake

Katika nyumba nyingi za wazee wetu wa Unguja, jipu lilikuwa na adabu zake. Lilipochomoza halikubanwa, lilikandwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kisha likabandikwa kitunguu kilichochomwa, au manjano yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Usaha ukishatoka, kidonda kilioshwa kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Hatua zilikuwa tatu: kuivisha, kutoa, kukausha.

Hatua hizo zina nasaba. Matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwamo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walizipanga dawa kwa kazi zake, na zile za kuivisha waliziita mundhij. Dawa zenyewe nazo zilisafiri: manjano na mwarobaini asili yake ni upande wa Bara Hindi, na bahari ndiyo iliyozifikisha kwenye pwani ya minazi.

Sababu ya kutobana ilidhihirika baadaye. Mwaka 1880, Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen, alitazama usaha kwa hadubini akaona vijidudu vilivyoshikamana mfano wa kichala cha zabibu. Ndivyo viitwavyo stafilokoki. Kubana jipu huweza kuvisukuma ndani zaidi, na usoni hatari huzidi. Joto la kitambaa, kwa upande wake, husaidia usaha kukusanyika na kutoka wenyewe. Kitunguu na manjano havina ushahidi wa uzito huo, na kutumbua kwa sindano au wembe nyumbani ni desturi ya kuachwa.

Familia nyingi zilizoondoka Unguja baada ya 1964 hatimaye zilihamia Oman, hasa baada ya 1970. Mwarobaini unamea huko pia, lakini hospitali zilienea, na elimu ya bibi ikabaki maneno matupu: jipu limeiva, jipu bado bichi. Watoto wetu wa Maskati na London wanastahili kujua maana iliyomo ndani yake. Tuwarithishe yaliyothibiti: kitambaa safi chenye joto lisilounguza, mara tatu au nne kwa siku, mikono iliyooshwa, na subira. Lakini mwenye homa, mwenye kisukari, mwenye jipu la usoni, au ambaye jipu lake halikupona kwa wiki mbili, asingoje liive, amwone daktari.