Kuchonga na Kusajili Ufunguo

Nomino "ufunguo" imetokana na kitenzi "fungua", ambacho ni kinyume cha "funga". Anayetengeneza nakala yake tunamwita mchonga funguo, kwa kitenzi kilekile cha wachonga vinyago na mitumbwi. Jina hilo linamstahili, maana kazi yake ni kupunguza chuma hadi meno yalingane na ya ufunguo wa awali.

Kwa pikipiki zenye ufunguo wa chipu, kuchonga ni nusu tu ya kazi. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu isiyo na betri. Koili inayozunguka swichi huipa nguvu, nayo chipu hutoa namba yake ya siri. Kompyuta ya injini isipoitambua namba hiyo, ufunguo utazunguka vizuri lakini injini haitawaka. Kwa hiyo nakala huchongwa, kisha husajiliwa. Yamaha nyingi zenye mfumo huo huja na funguo 3: 2 nyeusi za matumizi ya kila siku na 1 nyekundu ya kusajilia. Mfumo wa HISS wa Honda hupokea hadi funguo 4, na kusajili mpya huhitaji ule uliokwisha kutambuliwa.

Basi ukifika kwa fundi, usiseme "nichongee" tu. Muulize, "Unachonga na kusajili?" Tena nenda mapema, ungali na ufunguo wa awali mkononi. Ukipotea ule wa mwisho, huenda ukalazimika kununua kompyuta nyingine ya injini.